Siku Gaudensi Aliposema Amechoka

Ipo siku moja ya mwezi wa saba ambayo nimeshindwa kuisahau, mwanangu, na leo nataka nikusimulie. Juzi nilikusikia ukibishana na mjomba wako kama vijana wa sasa ni legelege kuliko sisi wa zamani. Mjomba wako alisema mmelelewa kwa chipsi na bodaboda, kwamba mkitembea kutoka hapa Majengo hadi stendi mnataka pole. Wewe ulikasirika. Halafu mkanigeukia mimi niamue, nami nikainuka nikasema nakwenda kuangalia kuku. Kuku walikuwa wameshaingia bandani. Nililikimbia swali lenu, na tangu juzi sijatulia.

Siku hiyo tulikuwa nyumbani kwetu Mpitimbi. Baridi ya huku unaijua. Saa tatu asubuhi watu bado wamejifunika mablanketi, pumzi zinatoka mdomoni kama moshi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ilikuwa miaka ile tuliyoiita ya ruksa. Kabla yake mahindi yetu yalinunuliwa na chama cha ushirika, lakini wakati huo chama kilikuwa kimelala, ghala lake limefungwa kufuli, popo wanaingia kwa juu. Badala yake walikuja matajiri binafsi na malori yao, wengine kutoka mjini hapa Songea, wengine kutoka Dar es Salaam. Mtaa wote huu wa Majengo ulijaa redio na nguo za mitumba. Kijana mwenye mgongo hakukosa kazi msimu wa mahindi, kwa sababu kila tajiri alitaka watu wa kumpakilia mzigo haraka kabla mwenzake hajafika. Mimi mgongo nilikuwa nao, na nilijua kwamba ninao. Hapo kwenye kujua ndipo palipoharibika.

Nilikuwa kiongozi wa wapakiaji sita. Tulibeba lumbesa, yale magunia yanayoshonewa kilemba juu mpaka yanapita kilo mia. Unainama, wenzako wawili wanakutwika, unapanda ubao ulioegemezwa kwenye lori, unalibwaga juu, unashuka, unarudi. Nilipenda watu waniangalie nikipanda ule ubao. Nilipenda zaidi wazee waliposema, "Huyu amemchukua baba yake."

Baba yangu, Mzee Kasiani, alijulikana kijiji kizima kwa habari moja. Alipokuwa kijana, zamani za mkoloni, alitembea kwa miguu kutoka Songea hadi mashamba ya mkonge ya Lindi. Zaidi ya wiki mbili njiani, bila viatu, mfuko wa unga begani, simba wakinguruma porini upande wa Tunduru. Sisi watoto wake tulikua na habari hiyo kama wengine wanavyokua na maziwa. Ukilalamika kwamba maji ya kuoga ni ya baridi, utaambiwa habari ya Lindi. Ukisema jembe limekuchubua, Lindi. Sikuchoka kuisikia. Nilipokuwa mdogo nilikuwa navua kandambili zangu nikienda shule, nizifiche kwenye majani, nitembee peku kama yeye.

Mdogo wangu Gaudensi hakuwa hivyo. Alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne shule ya bweni mwaka uliotangulia, anasubiri kuona kama ataitwa kidato cha tano. Alirudi nyumbani na suruali ya jinzi ya mitumba na raba nyeupe, na alipenda kuota jua la asubuhi akichokonoa redio mbovu za watu. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuumwaumwa. Mara magoti yamevimba, mara kiwiko, mara koo. Akienda shamba, baada ya mistari miwili ya jembe utamkuta amechuchumaa. Mama alimtetea. Mimi nilisema anadeka. Nilisema sekondari imemfundisha kushika peni na kukimbia kazi, na nilisema hivyo mbele ya watu, na watu walicheka, na yeye pia alicheka kidogo akiangalia chini.

Asubuhi hiyo mpakiaji wangu mmoja alipata msiba. Lori lilikuwa limeshafika, tajiri anatembea huku na huku akiangalia saa. Nikarudi nyumbani nikamwambia Gaudensi avae nguo za kazi.

"Kaka, sina hakika kama nitaweza," aliniambia.

"Hakuna anayezaliwa anaweza."

Akavua zile raba zake, akaziweka vizuri mlangoni, akanifuata. Hakubisha. Ningependa kukuambia kwamba alibisha, ingenipunguzia kitu, lakini hakubisha.

Gunia la kwanza alilipandisha vizuri. La pili, la tatu. Wenzangu wakaanza kumshangilia, na mimi, mwanangu, nilijisikia fahari. Nikajisemea moyoni kwamba kumbe nilikuwa sahihi siku zote, kijana hakuumwa kitu, alikosa mtu wa kumsukuma tu. Kufika gunia la saba niliona anashuka ule ubao kwa kushikilia bodi ya lori. La nane alisimama chini muda mrefu, mkono kifuani. Baridi ilikuwa ile ile, lakini shati lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni.

Alinijia baada ya gunia la kumi. Alisema kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie.

"Kaka, kifua kinabana. Pumzi haiingii. Naomba nipumzike kidogo."

Nikamjibu kwa sauti kubwa ili wengine wasikie. Nikasema, "Baba alitembea mpaka Lindi bila viatu. Wewe magunia kumi tu unaomba kupumzika? Kaza moyo, usituaibishe."

Watu wakacheka. Hata tajiri alicheka. Gaudensi alinitazama, na sikuona hasira usoni mwake. Aliinama, wakamtwika la kumi na moja.

Alifika katikati ya ubao. Nilikuwa nyuma yake, nikaona magoti yanatetemeka, halafu gunia likateleza upande mmoja na yeye akaangukia upande wa pili. Nilipomfikia alikuwa anakohoa, na povu lililotoka mdomoni lilikuwa na wekundu wekundu. Midomo ilikuwa imeiva rangi ya zambarau. Alikuwa anavuta hewa kama mtu aliyezama majini, macho yametoka, na mkono wake ulinishika shati nikashindwa kuutoa.

Nikasema apewe maji. Mtu mwingine akasema amepigwa na baridi, afunikwe. Tajiri akasema lori haliwezi kuondoka nusu, magunia arobaini yako chini. Tulikuwa tunazungumza hivyo, watu wazima wote sisi, na kijana anazama mbele yetu. Aliyetuzindua ni dereva wa lori, mtu wa Tunduru, mfupi, wa makamo, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya kwenye usukani akisubiri.

"Tajiri, mahindi yatakukuta hapa hapa," alisema. "Huyu ni mtoto wa mtu. Mpandisheni mbele, mkalisheni wima, asilale. Haya, bismillahi."

Tajiri akasogea pembeni kutupisha. Nilikaa mbele na Gaudensi mapajani mwangu, nimemshika kifuani ili asianguke, na dereva yule aliendesha njia ile ya makorongo mpaka mjini bila kusema neno zaidi ya kuniambia, kila baada ya muda, "Msemeshe. Usimwache alale." Nilimsemesha. Nilikosa la kusema, nikawa namtajia majina ya watu waliomletea redio zao.

Hospitali walimpokea, wakamwekea hewa, wakamchoma sindano za kutoa maji mapafuni. Jioni daktari aliniita. Alikuwa mtu mpole, lakini maswali yake yaliniumiza kuliko matusi. Huyu kijana alikuwa anavimba magoti utotoni? Ndiyo. Alikuwa anaumwa koo mara kwa mara? Ndiyo. Alikuwa anachoka haraka kuliko wenzake? Ndiyo, daktari. Na nyumbani mlifikiri ni nini?

Alinieleza kwamba moyo una milango, na mlango mmoja wa moyo wa mdogo wangu umeharibika tangu utotoni kwa sababu ya homa ile iliyoanzia kooni. Akifanya kazi nzito damu inarudi nyuma na mapafu yanajaa maji. "Kwa moyo ule," alisema, "sijui alifikaje gunia la tano." Nilimwona anashangaa kweli, mtu aliyesoma. Nami nilikuwa nimemwita mdogo wangu legelege.

Kesho yake saa tano asubuhi baba alifika. Alikuwa ametoka Mpitimbi alfajiri kwa miguu, vumbi limempanda mpaka magotini, umri wake umepita sitini. Nilipomwona akiingia getini, hata wakati ule, hata baada ya yote, moyo wangu ulisema: unaona mwanaume huyo. Kichwa cha mtu ni kigumu, mwanangu.

"Shikamoo baba. Umetembea?"

"Marahaba. Nilishindwa kukaa."

Aliingia wodini, akamwangalia Gaudensi aliyekuwa amelala kwa kuegemea mito, akamshika miguu, akatoka. Akakaa kwenye benchi la nje, nami nikakaa karibu. Aliniuliza ilikuwaje. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye maneno niliyomwambia mdogo wangu nilitaka kuyaruka, lakini baba aliuliza, "Na alipokuambia amechoka, ulimjibu nini?" Nikamwambia. Neno kwa neno, pamoja na Lindi.

Wauguzi walipita, mama mmoja alipita na bakuli la uji. Halafu akasema, "Tulikuwa wawili."

Sikumwelewa.

"Kwenda Lindi. Tulitoka wawili nyumbani kwetu. Mimi na mdogo wangu Severini."

Nilijua baba alikuwa na mdogo aliyekufa kwa homa zamani. Hatukuwahi kuambiwa homa hiyo ilimkuta wapi. Baba alisimulia akiangalia vidole vyake vya miguu. Walipopita Tunduru, Severini alianza kusema amechoka. Miguu ilimvimba, akawa anatetemeka jioni. Baba alimwambia akaze moyo, asiwaaibishe mbele ya watu wa makabila mengine waliokuwa kwenye msafara. Severini akatembea siku mbili zaidi. Siku ya tatu alishindwa kusimama. Msafara haukusubiri mtu, na baba aliogopa kubaki peke yake porini, akaogopa pia kuikosa kazi. Alimwacha kwenye nyumba ya bibi mmoja Mwislamu, kijiji cha njiani, akamwahidi kwamba atamrudia.

"Nilirudi baada ya mwaka na nusu," baba alisema. "Yule bibi alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha. Alikuwa amepapanga kwa mawe vizuri, na anapafagia. Aliniambia Severini alikaa siku nne. Aliniambia kila jioni alikuwa anamuuliza kama sisi tumeshafika Lindi."

Sauti yake haikubadilika. Ila alikuwa anasugua goti kwa kiganja, anasugua, anasugua.

"Nyumbani nilisema ni homa. Halafu watu wakapenda kusikia habari za safari. Nikawa nawasimulia miguu yangu, ya kwake naiacha. Ukisimulia mara nyingi na watu wakakusifu, unafika mahali unaona kweli ulikwenda peke yako."

Nikamwambia, "Baba, hukujua kwamba anaumwa."

"Aliniambia," alisema. "Kama huyu alivyokuambia wewe."

Kisha akanigeukia, akasema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo. "Umemwangusha mwenzako kwa maneno yangu. Nusu ya kosa ni langu, kwa sababu ni mimi niliyekulisha habari nusu. Nusu nyingine ni yako, na sitakusaidia kuibeba. Ukisikia mzee yeyote anakuambia vijana wa zamani walikuwa chuma, muulize wangapi walifika na wangapi hawakufika. Wanaokusimulia ni waliofika."

Gaudensi alitoka hospitali baada ya wiki tatu. Nilimwomba msamaha tukiwa tunakunja blanketi lake, maana nilikosa ujasiri wa kumwomba tukitazamana. Akasema, "Kaka, mimi mwenyewe nilitaka kufika. Nilitaka siku moja tu useme mbele ya watu kwamba naweza." Ningeweza kulisema neno hilo mwaka wowote. Halikuwa na gharama.

Baada ya hapo hakubeba tena kitu kizito. Alihamia huku Majengo, akafungua kibanda cha kutengeneza redio, kwa kuwa siku hizo kila nyumba ilikuwa inanunua redio na kila redio ilikuwa inaharibika. Daktari alimwandikia sindano ya kila mwezi ya kuzuia ile homa ya koo isirudi, sindano nzito inayochomwa kwenye paja, mguu unakufa ganzi siku nzima. Wapo wengi waliokuwa wameandikiwa sindano hiyo hiyo, na wengi waliacha baada ya mwaka. Yeye alichomwa miaka kumi na mitano. Mvua, jua, siku dawa ipo, siku ameambiwa arudi kesho, alikwenda, taratibu, akisimama kila baada ya hatua kadhaa kama mtu anayetazama maduka. Mimi niliyebeba lumbesa nisingeweza. Najua kwa sababu nimepewa vidonge vya presha, na mwezi wa pili nilikuwa nimeshavisahau.

Alioa, akapata binti, akamwona anaanza shule. Alifariki mchana mmoja kibandani kwake, mkono juu ya meza. Daktari aliniambia ni ule mlango wa moyo, kwamba siku yake ingekuja hata bila gunia. Alinifariji sana. Lakini mwanangu, huwa najiuliza kama zile dakika za kwenye ubao zilimkatia miaka mingapi. Hakuna anayeweza kunijibu, na sasa wanaoweza kuulizwa wanapungua.

Ndiyo maana juzi nililikimbia swali lenu. Kwa sababu sitakudanganya: ninapowaangalia ninyi, naogopa. Namwona mwanao akishindwa kupanda kamlima kale ka kwenda kanisani, naona mnavyovunjika kwa maneno ya kwenye simu, na ninawaza siku ngumu ikija, siku ya njaa kweli au ya kukimbia kweli, itakuwaje. Maneno yananijia mdomoni: sisi wakati wetu. Halafu naona mkono ulionishika shati, na ninaogopa kinyume chake, kwamba nitawafundisha kunyamaza mnapoumwa. Ninaishi katikati ya hofu hizo mbili, na uzee haujaniondolea hata moja.

Nitakalokuambia ni hili. Usiuache mwili wako ukae bure. Tembea, lima, oga maji ya baridi siku moja moja, lala na njaa kidogo si kwa kukosa bali kwa kujua kwamba inavumilika. Mjomba wako hapo ana haki. Lakini ujue tofauti ya kuchoka na kuumwa. Kuchoka kunapungua ukipumzika. Kinachozidi kila unapojikaza, kiseme mapema, kwa sauti, hata kama watacheka. Na wewe sasa una watu chini yako pale karakana, na hilo ndilo hasa ninalotaka ulisikie. Mtu wako akikuambia ameshindwa, usimjibu mbele ya watu. Mvute pembeni, muulize inauma wapi, imeanza lini. Wengine watakuwa wanakwepa kazi, ni kweli, watakudanganya. Afadhali udanganywe na kumi kuliko kumwangusha mmoja anayeumwa kweli. Sisi wazee tukikusimulia habari za nguvu zetu, tusikilize kwa heshima, halafu utuulize tulikwenda na nani.

Basi, mwanangu. Mungu akupe kifua kipana na miguu isiyochoka upesi. Akupe mdomo wa kusema unapoumia, na masikio ya kumsikia anayekuambia kwa sauti ndogo. Wote unaotoka nao asubuhi, akujalie uwarudishe kwao jioni.